Pengo la Kazi katika Maisha ya Mgeni

Mtu aliye katika nchi yake akikosa kazi hukosa mshahara. Msiba huo watosha, maana mshahara ni chakula, ni kodi ya nyumba na ni karo ya watoto. Walakini, kunapokucha huamka akiwa raia yule yule aliyelala, wala hapana amwulizaye kwa nini yupo mahali pale. Mgeni anayeishi ugenini kwa udhamini wa mwajiri hana faraja hiyo. Kazi yake ikikoma, hukoma pamoja nayo sababu ya kuwapo kwake. Nataka kulieleza jambo hili kama nilivyolijua katika Marekani, ambako nilisoma na ambako nafanya kazi ya uhandisi wa madaraja. Vijana wengi wa Afrika Mashariki huitazama njia hii kwa hamu, na wachache wameambiwa ina ngazi wapi na ina shimo wapi.

Ruhusa ijulikanayo sana na wasomi wageni katika nchi hiyo huitwa H-1B. Iliwekwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990. Hutolewa kwa kazi zinazohitaji shahada ya chuo kikuu, kwanza kwa muda usiozidi miaka 3, kisha yaweza kuongezwa mpaka itimie miaka 6. La kuzingatia ni kwamba mwombaji si mfanyakazi bali ni mwajiri. Jina la mfanyakazi limo katika ombi kama shehena ilivyo katika hati ya jahazi: bila ya shehena hati haina maana, lakini mwenye hati ni mwingine. Watu wa Pwani waliokwenda kufanya kazi Arabuni wana neno la siku nyingi kwa mdhamini wa namna hii, humwita kafili. Hali hazilingani. Katika Omani, kwa mfano, mpaka mwisho wa mwaka 2020 mfanyakazi aliyetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine alihitaji barua ya kafili wake kwamba hana kipingamizi. Sharti hilo liliondolewa tangu 1 Januari 2021. Marekani haidai barua hiyo, na kwa sheria ya mwaka 2000 mtu aweza hata kuanza kazi mpya mara ombi la mwajiri mpya lifikishwapo kwa Idara ya Uhamiaji. Lakini huko na huko mgeni husimama kwa mguu wa mtu mwingine.

Je, mguu huo ukiondolewa? Kabla ya mwaka 2017 jibu la sheria lilikuwa fupi: siku ya mwisho ya kazi ilikuwa siku ya mwisho ya haki ya kukaa. Tangu 17 Januari 2017 kuna muhula. Aliyeachishwa kazi, au aliyeiacha mwenyewe, aweza kupata siku 60 mfululizo, au zile zilizosalia katika hati yake kama ni chache kuliko hizo. Muhula huu hupatikana mara moja tu katika kila kipindi cha ruhusa, na Idara yaweza kuufupisha au kuukataa. Ndani yake mtu haruhusiwi kufanya kazi. Aweza kutafuta mwajiri wa kumwombea upya, au kuomba abadilishiwe hali, mathalani awe mwanafunzi au mgeni wa matembezi, au kufunga mizigo. Mke au mume na watoto waliokuja kwa hati yake wamo katika hesabu ile ile, hata mtoto aliye katikati ya muhula wa shule. Mwanafunzi aliyemaliza shahada na kupewa mwaka 1 wa kazi ya mazoezi naye ana hesabu yake: siku zake za kukaa bila kazi zisizidi 90 kwa jumla, na waliosoma sayansi, uhandisi au hesabu, wakiongezewa miezi 24, jumla yao ni siku 150.

Hesabu hizi nilizisoma zamani kama mtu asomavyo habari za mafuriko ya mto wa mbali. Februari 2023 mto ulifika mlangoni kwangu. Zilikuwa siku za kupunguza watu: Novemba iliyotangulia kampuni ya Meta peke yake ilikuwa imetangaza kuwaondoa zaidi ya watu 11,000, na Januari Google ilitangaza 12,000. Kampuni niliyoitumikia ilikuwa ndogo mno kutajwa magazetini. Ilikosa kandarasi 2, ikatuita watu 9 chumbani, ikatushukuru kwa adabu na kutupa barua. Wenzangu 7 walikuwa wenyeji. Walitoka wakizungumza juu ya mapumziko, madeni na wake zao. Mimi na mhandisi mmoja kutoka India tulitoka tukihesabu kwa vidole.

Siku ya 23 ya hesabu yangu simu ilipigwa kutoka Pangani. Mama mkubwa, aliyenilea tangu nina miaka 4, alikuwa hoi, na alikuwa akiuliza kama nitakuja. Nauli nilikuwa nayo. Nisichokuwa nacho kilikuwa njia ya kurudi. Muhula ule ni wa kukaa. Haumrudishi mtu aliyekwisha kuondoka. Ningevuka mpaka, ungekwisha pale pale, na kurudi kwangu kungengoja mwajiri mpya, ombi jipya na viza mpya ya ubalozi. (Septemba 2025 Rais wa Marekani alitoa tangazo lililotoza dola 100,000 kwa maombi mengi mapya ya wafanyakazi walio nje ya nchi, na kuondoka katikati ya pengo kukawa kuzito zaidi.) Kaka yangu ndiye aliyenikatia shauri. Aliniambia, "Mdogo wangu, usije. Ukija utamwona yeye, lakini watoto wake wanaosoma kwa fedha yako utawaona wakirudi nyumbani." Mama mkubwa alifariki siku ya 31. Ombi la mwajiri wangu mpya lilipokelewa siku ya 49. Kaburi lake nililiona mwaka 2024.

Sielezi hayo ili nihurumiwe, wala siishitaki sheria kwa mauti, ambayo hayana mwajiri. Nayaeleza kwa sababu kitabu cha sheria husema "siku 60" kana kwamba siku zote ni sawa. Siku ya mtu aliye katika pengo si saa 24 tu. Ina ndani yake mgonjwa wa mbali, mkataba wa nyumba, na swali la mtoto kama aendelee kujifunza wimbo wa sherehe ya shule.

Sasa nageukia ukaaji wa kudumu, ambao wengi hudhani huvunjika siku ile ile kazi ivunjikapo. Si hivyo, na kutojua huko kumewafanya watu kukata tamaa mapema kuliko ilivyolazimu. Ruhusa ya kazi hutazama leo: unamfanyia nani kazi sasa? Ukaaji wa kudumu hutazama kesho: kuna kazi gani ya kudumu inayokungoja utakapopewa kadi? Kwa hiyo pengo lililokwisha kupita si dhambi mbele ya ombi la kadi. Swali ni pengo lilikukuta ukiwa wapi njiani.

Njia hiyo aghalabu ina hatua 3. Kwanza mwajiri huithibitishia Wizara ya Kazi kwamba aliitangaza kazi na hakupata mwenyeji aliye tayari na mwenye uwezo. Pili hupeleka ombi la kumfanya mfanyakazi wake mhamiaji. Tatu mfanyakazi mwenyewe, zamu yake ikifika, huomba kadi. Nafasi za njia ya kazi ni kama 140,000 kwa mwaka, wake, waume na watoto wakiwa ndani ya hesabu hiyo, na kwa kawaida watu waliozaliwa katika nchi moja hawapewi zaidi ya asilimia 7. Ndiyo maana kuna foleni, na mahali pa mtu katika foleni hupimwa kwa tarehe cheti cha hatua ya kwanza kilipoombwa.

Pengo likimkuta mtu katika hatua ya kwanza humfuta kabisa, maana kazi iliyoombewa cheti haipo tena. Likimkuta baada ya ombi la hatua ya pili kukubaliwa, tarehe yake kwa kawaida hubaki kuwa mali yake, hata kama mwajiri mpya itamlazimu kuanza cheti na ombi upya. Na ombi likiwa limekubaliwa kwa siku 180 au zaidi, kujitoa kwa mwajiri hakulibatilishi peke yake. Likimkuta katika hatua ya tatu, maombi ya kadi yakiwa yamengoja siku 180, aweza kuhamia kazi iliyo sawa au inayofanana na ile ya kwanza, na safari ikaendelea. Mimi nilikuwa katika hatua ya kwanza. Cheti changu kilichoombwa mwaka 2022 kilikufa pamoja na kazi yangu, na foleni niliingia upya mwaka 2024. Mwenzangu kutoka India alitoka chumbani mle na tarehe yake ya mwaka 2014 kama mtu atokavyo na jina lake. Tulipokea barua moja, saa moja, kwa maneno yale yale. Mmoja alipoteza miaka 2, wa pili hakupoteza hata siku 1 ya foleni.

Msomaji ataona hesabu ya siku 180 ikirudi, na yafaa aitazame kwa makini, kwa kuwa ina nyuso mbili. Mwombaji wa kadi kwa njia ya kazi husamehewa kuwa nje ya hali halali, au kufanya kazi bila ruhusa, ikiwa jumla haizidi siku 180 tangu alipoingia nchini kihalali mara ya mwisho. Huo ni uso wa rehema. Lakini aliyekaa kinyume cha sheria, kwa kupitisha tarehe ya hati yake ya kuingia, zaidi ya siku 180 na chini ya mwaka 1, kisha akaondoka, huzuiwa kurudi kwa miaka 3. Akifikisha mwaka 1 au zaidi, huzuiwa miaka 10. Huo ni uso wa adhabu. Tofauti ya nyuso hizo yaweza kuwa siku 1.

Kuna madhara mengine yasiyoandikwa katika hati yoyote. Mtu anayejua kwamba pengo lamngoja nje ya mlango huwa mpole kupita kiasi ndani ya nyumba. Haulizi nyongeza, hapingi saa za ziada, huziona hesabu za daraja zikiharakishwa naye hukohoa tu. Sheria haikumwacha mtupu. Tangu mwaka 1998 mwajiri amekatazwa kumkalisha bila mshahara kwa sababu kazi imepungua, na akimwachisha kabla ya muda wa ruhusa kwisha humpasa kutoa gharama ya kiasi ya nauli ya kumrudisha kwao. Lakini haki humfaa mtu awezaye kuidai, na mgeni aghalabu huona kimya ni nafuu kuliko siku 60. Hapo hasara si ya mgeni peke yake. Daraja lililojengwa na watu wanaoogopa kusema huvukwa na wenyeji pia.

Kwa hiyo nawashauri vijana wetu waendao huko waulize mambo mawili kabla ya kuuliza mshahara: mwajiri ataanza lini hatua ya kwanza ya ukaaji, na nakala ya kila hati watapewa au watanyimwa. Wadai barua za ushahidi wa kazi wangali kazini, zenye tarehe za kuanza na kwisha, kwa sababu uzoefu huhesabiwa kwa miezi iliyofanyiwa kazi na pengo haliingii. Wajiwekee fedha ya miezi 2, na nauli mbali na fedha hiyo. Tena wawaambie jamaa zao nyumbani ukweli wa hali yao mapema, ili siku simu itakapopigwa usiku wasilazimike kueleza sheria ya nchi nyingine kwa mtu anayelia.