Baridi Isiyofika Muhuta

Katika tarafa ya Muhuta, kandokando ya Ziwa Tanganyika, yupo kijana wa miaka 17 aliyekufa kwa baridi mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Theluji yenyewe hajapata kuiona. Alikufa mbele ya kompyuta kuukuu aliyopewa na mjomba wake, katika mchezo wa video uitwao The Long Dark, uliotengenezwa Kanada na kutolewa ukiwa kamili mwaka 2017.

Mama yake aliuchukia mchezo huo. Mumewe alikuwa miongoni mwa askari wa Burundi waliotumikia Somalia chini ya Umoja wa Afrika, kazi iliyoanza Desemba 2007 na kwisha mwishoni mwa 2024. Mke aliyezoea kungoja simu kutoka vitani hapendi kumsikia mwanawe akisema, "Nimekufa tena," huku anacheka. Nani atamlaumu?

Baba aliporudi likizo aliombwa amkanye mtoto. Badala ya kukanya, akavuta kigoda akaketi. Alitazamia bunduki na maadui tele. Hakuona ila mtu mmoja katika pori jeupe, na upepo unavuma. Mchezo huo, katika namna aliyoipenda kijana, hauna mshindi. Mtu huhesabiwa siku alizoishi, basi. Lazima apate moto, chakula, maji na usingizi. Theluji huiyeyusha na kuichemsha ndipo anywe. Nguo zikilowa huganda mwilini, na harufu ya nyama mbichi huwaita mbwa mwitu. Akifa, yote aliyoyachuma hufutwa, naye huanza upya siku ya kwanza.

Jioni ile kijana alikuwa amekwisha kuishi siku 41. Nyama ilikuwa karibu kwisha, akatoka kibandani kwenda kuwinda.

"Umeangalia mbingu?" baba akauliza.

"Si mbali, baba."

Tufani ikamkuta njiani. Akageuka huku, akageuka huko, kibanda asikione. Na baridi ikamwua mapema kuliko njaa ambavyo ingemwua. Siku 41 zikapotea. Safari hii hakucheka.

Baba naye hakumcheka. Alimweleza jinsi doria inavyoharibika: mara nyingi si kwa kukosa ushujaa, bali kwa neno hilo hilo la "si mbali", limfanyalo mtu aache chupa ya maji kambini. Wakaendelea kuzungumza hata umeme ukakatika.

Sasa, kwa muda mrefu kijana alikuwa akiomba kufuatana na baba yake mdogo kuvua ndagala, kazi ifanywayo kwa taa, usiku usio na mbalamwezi. Mama alikataa, kwa kuwa kiangazi upepo wa kusini huliinua ziwa ghafula. Baba akamwuliza atachukua nini. Kijana akataja maji, kamba, na sweta ndani ya mfuko wa plastiki usioingia maji. Mama akasikiliza, kisha akasema kwa shida, "Nenda."

Usiku uliopangwa, upepo wa kusini ulianza tangu magharibi. Kijana alisimama mchangani akitazama juu, akamwomba radhi baba yake mdogo, akarudi nyumbani na sweta lake.

Asubuhi mitumbwi yote ilirudi salama, imejaa ndagala. Vijana wa ufukweni walimcheka mpaka mchana. Mama yake alinunua bakuli mbili.