Nshomile mzima nikaumbuliwa na sentensi moja!

Sisi watu wa Bukoba Watanzania wenzetu wametubandika jina la utani: nshomile. Kwa Kihaya maana yake ni "nimesoma". Ukifika Dar ukasema kwenu ni Kagera, watu wanakaa mkao wa kusikiliza, wanasubiri umwage ung'eng'e. Basi msomaji wangu, vuta kiti nikusimulie jinsi nshomile mimi nilivyoumbuka mchana kweupe.

Ilikuwa mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku mbili hivi, wakapiga kambi Benaco, kule Ngara. Mashirika ya misaada yakamiminika mkoani. Kwetu sisi vijana tuliomaliza Form Four na kubaki kuzungusha miguu mjini, kulisema hili ni aibu lakini ndiyo kweli: msiba wa wenzetu ukawa mlango wa ajira. Walitakiwa makarani, watunza stoo na wakalimani. Sharti kubwa lilikuwa kimombo.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa shangazi, Nyanga, nimetoka Muleba ambako baba alikuwa mkulima wa kahawa. Shirika moja likatangaza usaili. Fununu ikatufikia kwamba kwanza utapewa karatasi yenye sentensi nne nne, kazi yako ni kutiki ile iliyo sahihi. Nikacheka. Kutiki tu? Hiyo kwangu ilikuwa mchezo wa kitoto!

Tukaanza mazoezi watu watatu: mimi, jamaa yangu wa Hamugembe, na binti wa jirani ambaye tulimchukua kwa kumhurumia, maana shuleni sisi ndio tulikuwa tunampita kwa maksi. Kila jioni tulikaa barazani kwa shangazi, taa ya chemli katikati, kahawa ya kutafuna kiganjani.

Siku ya kwanza nilipata 6 kwa 20. Ndiyo, sita!

Unajua kosa langu? Nilikuwa nachagua kwa sikio. Sentensi ikinoga masikioni, tiki. Kumbe sikio langu lilikuwa limelelewa vibaya. Miaka saba ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, nikaingia Form One nikakuta kila somo kwa Kiingereza, na mwalimu wetu mmoja mwenyewe alikuwa akichapia kwa kujiamini kabisa. Kwa hiyo "I have seen him yesterday" kwangu ilikuwa tamu kama asali. Si tunasema "nimemwona jana"? Mzungu hataki. Ukishataja jana, ile "have" inaondoka, inabaki "I saw him yesterday".

Nyingine hii: "Although he was sick, but he came." Kwa Kiswahili "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja" haimkeri mtu. Kwa Kiingereza umevaa kofia mbili kichwa kimoja. Lazima uvue moja. Na hii: "The book which I bought it is lost." Sisi kitabu tunakirudia, "kitabu ambacho nilikinunua". Wao wakishasema "which", ile "it" haina kazi tena.

Tukatunga maswali matatu ya kuiuliza kila sentensi kabla ya kutiki. Mtendaji ni nani, mmoja au wengi? Jambo limetokea lini? Kuna neno limevaa kofia mbili? Lile la kwanza lilituokoa kwenye mitego kama "One of my brothers are in Mwanza". Macho yanaona "brothers" yanadanganyika, kumbe mwenye kitenzi ni "one", hivyo inatakiwa "is".

Lile la pili, la wakati, ndilo lililotutoa jasho. Aliyetupa mwanga ni shangazi, mama wa darasa la nne, aliyekuwa anamenya ndizi pembeni. Akatuambia, "Nyie wanangu, mnahangaika na nyakati za Wazungu wakati Kihaya kinazo nyingi kuliko hizo!" Akatumia neno la kufunga kamba. Tumefunga leo asubuhi: twakoma. Tulifunga jana: tukomile. Tulifunga zamani, kabla ya jana: tukakoma. Tukabaki midomo wazi. Tangu utotoni tulikuwa tunapanga yaliyopita kwenye mafungu matatu bila kukosea, halafu tunatishwa na mafungu mawili ya Mwingereza!

Baada ya wiki tatu nilikuwa napata 18 kwa 20. Nikaanza kutembea kifua mbele. Shangazi akauza mikungu kadhaa ya ndizi, akaninunulia shati jeupe na viatu vya mtumba. Akasema, "Nenda, mwanangu, utatulipa." Maneno hayo niliyabeba kama mzigo kichwani.

Siku ya usaili, karatasi ikaja. Nilitiki kama mtu anayepalilia shamba lake mwenyewe. Sentensi ya mwisho mwisho ilikuwa juu ya "since". Nikatiki "I have lived here since 1992", nikatabasamu. Matokeo yakasomwa mchana ule ule: mimi juu kabisa, binti wa jirani kaponea chupuchupu, jamaa wa Hamugembe kaanguka.

Tukaitwa ndani mmoja mmoja. Mama mmoja wa Kizungu, mpole, akaniuliza nimeishi Bukoba kwa muda gani.

Msomaji, nikaangalia dari. Nilikuwa natafuta A, B, C na D! Hazikuwepo. Jasho likateremka ndani ya shati la shangazi. Mwisho nikafyatua: "Me I am living here since 1992."

Sentensi ile ile! Niliyoitambua kwenye karatasi saa mbili zilizopita, mdomo wangu ukaitema ikiwa imevunjika miguu. Ukweli ni kwamba yule mama hakujali kosa lile. Kilichonimaliza ni kwamba baada ya hapo nilinyamaza. Kila alichouliza, mimi nilikuwa nakagua sentensi kichwani, na ikishakuwa safi yeye ameshauliza jingine. Binti wa jirani aliingia, akachapia hapa, akachapia pale, akacheka, akaeleweka. Kazi akapata yeye.

Nilirudi Nyanga uso umenishuka. Shangazi hakunigombeza. Aliendelea kumenya ndizi zake, kisha akasema, "Kuijua ndizi iliyoungua si kujua kupika." Usiku ule nililia, lakini kimya kimya.

Kesho yake nikabadili mazoezi. Kila sentensi niliyoitiki, niliifunika, kisha nikatunga tatu zangu za kuhusu maisha yangu na kuzisema kwa sauti. "My father has grown coffee since he was a boy." "One of my aunts lives in Nyanga." Watoto wa jirani walinicheka, nikavumilia. Baada ya miezi mitano nikaitwa na shirika jingine. Nilichapia mara mbili, nikajisahihisha, nikaendelea. Nikapewa stoo. Mshahara wa kwanza, kitenge cha shangazi.

Miaka mingi baadaye nikaja kujua kwamba hata wakubwa walinigundulia ugonjwa wangu. Mtihani wa Marekani wa TOEFL ulikuwa na sehemu ya namna ile ile, maswali 40 ya sarufi kwa dakika 25. Toleo jipya la mwaka 2005 likaifuta, likaleta sehemu ya kuzungumza. Nikacheka peke yangu: shangazi aliwatangulia kwa miaka kumi na moja, tena akiwa na kisu na ndizi tu.

Kwa hiyo wewe kijana unayejifungia na makaratasi ya majaribio, tiki, usiache. Kutiki kunanoa jicho. Ila ukimaliza, funga karatasi, fungua mdomo. Atakayekuhoji hatakuletea A, B, C na D.