NAULI YA WAWILI: SIKU YA KIPUPWE KATIKA BWAWA LA MTERA

Ndugu msomaji, kama hujapata kuamka Chamwino alfajiri ya mwezi wa Julai, usifanye haraka kusema kwamba nchi yetu ni ya joto. Upepo wa kipupwe hutoka kusini mashariki, ukaivuka mbuga ya Ugogo bila kukuta msitu wa kuuzuia, na ukikufika kando ya barabara kuu ya Morogoro saa kumi na moja za asubuhi hupenya koti, fulana na mifupa. Wazee wa hapa hujifunga shuka mbili. Mimi nilikuwa na koti moja la mjini, nami nilitetemeka mbele za watu.

Tulikuwa abiria kumi na wawili tukingoja basi dogo, kilomita 30 hivi mashariki ya Dodoma mjini. Chamwino ni jina unalolijua. Hapa ndipo Mwalimu Nyerere alipokaa na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika zama za vijiji vya ujamaa, na hapa ndipo ilipo Ikulu mpya iliyozinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Lakini siku ile hatukwenda kutazama majengo. Tulikuwa tukienda kuvua samaki.

Najua utacheka. Kuvua samaki Ugogo, nchi ya mtama, uwele na ng'ombe, ambako mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600 na mito mingi ni mchanga mtupu kwa miezi saba? Nami nilicheka nilipoelezwa kwanza. Kisha nikakutana na mzee ambaye kila kipupwe huwapeleka watu kwenye Bwawa la Mtera, na kicheko kikaniisha.

SHARTI LA MZEE

Mzee huyu hapendi jina lake litajwe gazetini, nami naliheshimu ombi lake. Ana umri unaokaribia miaka 70, mwembamba, mwenye vidole virefu visivyotulia. Kazi yake ni kuwaongoza wageni majini. Huwafundisha kufunga ndoana, kurusha mshipi, kusoma upepo, na kurudi salama. Hachukui watu wengi, wala hana tangazo popote.

Ana sharti moja lililonikwaza. Kila anayelipa hulipa nauli ya wawili: yake, na ya mwenzake asiyeweza. Hivyo katika kila safari nusu ya abiria ni wageni wa wenzao, nao hawaambiwi nani amemlipia nani. Nilipolipa nilinung'unika moyoni. Mshahara wa mwandishi si mrefu, nami niliona kwamba hisani ya kulazimishwa haina tofauti na kodi.

Basi lilipofika nikaketi kando ya ndugu mmoja asiyeona, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye fimbo nyeupe na kofia ya sufu. Tulipopita Buigiri alijua bila kuambiwa. "Hapa ndipo niliposomea," alisema. Shule ya wasioona ya Buigiri ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, nayo imewatoa watu wengi wanaojitegemea. Nikajisemea kimoyomoyo: kumbe nauli yangu ya pili imemlipia huyu. Nikajisikia mwema. Likumbuke neno hilo, msomaji, maana nitalirudia.

BWAWA LILILOJAA MCHANGA

Kutoka Dodoma mjini tulishika barabara ya Iringa kuelekea kusini. Barabara hiyo ya lami ya kilomita 260 ilizinduliwa mwaka 2018, nayo ni kipande cha njia kuu itokayo Cairo hadi Cape Town. Mlowa Barabarani, Fufu, kisha mteremko wa milima yenye mibuyu isiyo na jani. Mtama ulikuwa umekwisha vunwa, na mabua yake yalikuwa chakula cha ng'ombe.

Njiani mzee alitueleza alikojifunza kuvua. Alizaliwa vijiji vya upande wa Ikowa, hapo hapo Chamwino, ambako bwawa lilijengwa mwaka 1957. Alipokuwa mtoto alitupa ndoana yake ya kwanza humo. Lakini kila masika maji ya mvua yalishuka kutoka vilima vilivyokwisha nyolewa miti na kukanyagwa na mifugo, yakabeba udongo, yakaulaza bwawani. Wataalamu waliolipima bwawa hilo katika miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970 waliona jinsi tope lilivyokuwa likila nafasi ya maji, wakakadiria umri wake kuwa wa miongo michache tu.

"Mimi sikuhitaji kipimo," alisema mzee. "Mahali nilipokuwa nikizama hadi shingoni, baadaye nilisimama maji yakanifika magotini. Samaki hawakuuawa na wavuvi. Waliuawa na vilima."

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, na mwaka 1986 mifugo iliondolewa katika tarafa ya Mvumi ili ardhi ipumzike. Kuna waliolia siku hiyo, na kilio chao kilikuwa cha haki, maana kwa Mgogo ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni heshima. Lakini majani yaliota tena. Mzee hulieleza jambo hili kwa pande zote mbili, maana baba yake alikuwa mfugaji.

MAJI YANAYOFANYA KAZI MARA TATU

Ukuta wa Mtera uliposimama mbele yetu jua lilikuwa limekwisha panda. Barabara hupita juu ya bwawa lenyewe. Upande mmoja ni ziwa, upande wa pili ni korongo la Ruaha Mkuu. Mzee aliwahi kuwa kibarua hapa ujenzi ulipoendelea katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Bwawa lilikamilika mwaka 1980, kwanza kama ghala la kuyatunzia maji mitambo ya Kidatu iliyoko chini yake. Mitambo ya Mtera yenyewe, yenye uwezo wa megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988.

Hebu uyafuate maji hayo kwa akili. Huzungusha mitambo ya Mtera. Hushuka hadi Kidatu, yakazungusha mitambo ya megawati 204. Kisha Ruaha Mkuu huungana na Rufiji, na tangu mwaka 2024 maji yale yale huzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Ndiyo kusema, tone moja lililokuwa chini ya mtumbwi wetu laweza kufanya kazi mara tatu kabla ya kufika baharini. Wewe uliye Temeke au Kinondoni ukipiga pasi nguo za watoto leo jioni, unalitumia tone hilo.

Likijaa, ziwa hili hufikia ukubwa wa kilomita za mraba 600 hivi, nalo hulishwa na Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kizigo. Lakini kujaa si desturi yake ya kila mwaka. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi huko juu, katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu maji mengi huchukuliwa katika bonde la Usangu kabla hayajafika. Mwaka 2006 kina cha Mtera kilishuka mno, na taifa zima likaonja giza la mgawo wa umeme. Wakazi wa mjini walilalamikia taa. Huku mwaloni watu walilalamikia kitoweo.

MSHIPI HAUHITAJI MACHO

Tulipanda boti mbili, kila mtu amevaa boya. Mzee alizitaja sheria zake tatu. Samaki asiyetimiza shubiri moja hurudishwa majini akiwa hai. Upepo ukigeuka, tunarudi, hata kama samaki wanakula. Na chochote kitakachopatikana kitagawanywa sawa, aliyevua na asiyevua. Aliongeza kwamba mamba na viboko wamo humu, na hawapendi wanaochezea maji kwa mikono.

Tulipita kati ya miti mikavu iliyokufa imesimama tangu maji yalipoifunika, ndege wamekaa juu ya matawi yake. Kipupwe, alieleza, ni majira ya subira. Maji yakipoa, perege hushuka chini na hula kwa uvivu. Kambale ndiye mvumilivu zaidi, kwa kuwa ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa ya juu, hata kwenye tope.

Kisha akafungua kikopo chake. Ndani mlikuwa na ndoana ndogo zilizovikwa manyoya ya kanga na ya jogoo, zimefungwa kwa uzi mwembamba zikafanana na wadudu walioanguka majini. Ufundi huu alifundishwa na mhandisi mgeni wakati wa ujenzi. Kwa Wazungu huu ni uvuvi wa heshima kubwa. Mwaka 1905 walisafirisha samaki aitwaye trauti kutoka Uskochi hadi mto Gura nchini Kenya ili tu wapate kumvua kwa unyoya. Hata leo, katika mito ya Mnyera na Ruhudji inayoelekea Kilombero, wageni hutoka mbali kumvua samaki mwenye meno makali, jamaa ya kibebe wa Ziwa Tanganyika, wakampiga picha na kumwachia.

Mzee alimpa mwalimu mshipi wa mkono, wenye ndoana, chambo na chubwi. Hakumshika mkono wala hakumwonea huruma. Alimwambia tu kina cha maji na upande wa upepo. Mwalimu alivua glavu, akaulaza mshipi juu ya kidole cha shahada, akanyamaza.

Mimi mwenye macho mawili nilitazama maji yaliyometameta, nikatazama ndege, nikatazama saa. Samaki alikula chambo changu mara mbili nisijue. Mwalimu alivuta wa kwanza, akavuta wa pili, akavuta wa tatu. "Unamsikiaje?" nilimwuliza. "Huanza kama mtu anayebisha hodi kwa adabu," alijibu. "Ukimjibu upesi huondoka."

Samaki wake wa nne alikuwa perege. Kijana wa miaka kumi, aliyekuja na mama yake mjane, alimpima kwa kijiti cha shubiri. Alipungua upana wa kidole kimoja. Kijana akasema pole pole kwamba kidole kimoja si kitu. Hakuna aliyemjibu. Kidole hicho, bila shaka, kingekuwa mlo wa mtu nyumbani kwao. Mwalimu alimpokea samaki, akamshusha majini kwa viganja vyote viwili, huku mzee akiuangalia uso wa maji asije mamba, akamsubiri apate nguvu. Kisha akasema, "Mwakani atakuwa amezaa." Perege jike hutunza mayai na vifaranga ndani ya kinywa chake, ukimchukua mmoja kabla ya wakati, umechukua ukoo.

Saa tano upepo ukageuka. Kwa macho yangu ziwa lilikuwa shwari, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuusikia mshipi. Niliomba nusu saa. Mzee alikataa bila hasira, akageuza boti. Tulipokanyaga mwalo mawimbi yalikuwa yakipiga vishina vya miti kwa kishindo, na hapo nikauficha uso wangu.

Tulikuwa na samaki tisa kwa watu kumi na wawili. Walikatwa vipande, wakachemshwa, tukala na ugali wa uwele. Nimekula katika hoteli kubwa, lakini mlo ule sijausahau.

NAULI YA NANI?

Jioni, tukirudi, nilimwambia mwalimu kwamba nimefurahi aliweza kuja. Nadhani sauti yangu ilikuwa na harufu ya ufadhili. Alitabasamu. "Nami nimefurahi," akasema. "Huu ni mwaka wangu wa nne kulipa."

Naam, msomaji. Yeye naye alikuwa amelipa nauli ya wawili. Yamkini ndiye aliyemlipia yule kijana, au mama yake. Hata leo sijui, na mzee hasemi. Nilinyamaza hadi Dodoma mjini. Nilikuwa nimemtazama mtu siku nzima, nikaona fimbo yake tu.

Taa za Chamwino zilikuwa zinawaka tulipofika. Tulimuaga mzee kwa salamu ya kwao, "Mbukwenyi," naye akaenda zake na kikopo chake kwapani. Sehemu ya akiba ya safari hizi hununulia miche ya miti, na wageni wake wa kipupwe huitwa tena masika kuipanda kwenye vilima. Nimeahidi kwenda.

Nawe, ndugu msomaji, kama una siku mbili za likizo, wachukue watoto. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza safari zake mwaka 2024, na kutoka hapo basi la Iringa hupita Mtera. Chukua sweta. Pita ofisi ya uvuvi uulize leseni, vaa boya, na ukubali neno la nahodha hata kama ziwa limelala. Ukiuziwa samaki wachanga wa kokoro, usinunue, hata wakiwa rahisi. Na ukikata tiketi yako, tazama kama mfukoni imebaki ya mwenzako.