Kalamu ya Mama Mjane

Sisi tunaopenda kuandika hulalamika mara nyingi: nyumba ina kelele, watoto wanaita, nafasi haipatikani. Lakini tangu tusome habari za Bibi Margaret Oliphant, malalamiko hayo yanatutia haya.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1828. Mwaka 1859 mumewe, aliyekuwa mchoraji, alifariki mjini Roma kwa kifua kikuu, akamwachia madeni, watoto wawili, na wa tatu tumboni. Afanyeje mjane huyo ugenini? Alishika kalamu. Usiku, watu wote wa nyumba wakiisha kulala, yeye aliandika. Kwa ujira wa kalamu hiyo aliwasomesha wanawe, akawalea na watoto wa ndugu yake. Alitunga vitabu vya hadithi zaidi ya 90.

Hata hivyo wanawe wote walimtangulia kaburini, wa mwisho mwaka 1894; naye akawafuata mwaka 1897. Katika maandiko juu ya maisha yake, yaliyotolewa mwaka 1899, alijiuliza kama angaliandika vizuri zaidi, lau angalipata utulivu aliokuwa nao mwenzake George Eliot.

Nasi tumejiuliza vivyo hivyo. Labda vitabu vyake vingalikuwa vichache na bora zaidi. Lakini kitabu chake cha mwaka 1866, *Miss Marjoribanks*, juu ya msichana atakaye kuutengeneza mji mzima, hutuchekesha hata leo.

Siku hizi watoto wakituita, tunaweka kalamu chini, tunakwenda, kisha tunairudia.