Tumbawe la Ziwa Baridi

Jiwe lile nilipoliona mara ya kwanza lilikuwa kavu, na likiwa kavu halimwonyeshi mtu kitu. Lilikuwa la rangi ya majivu, ukubwa wa kiazi, mfano wa mawe tunayoyapiga teke njiani. Mama aliyelishika hakusema neno. Alilichovya katika beseni la maji lililokuwa mezani, akaniwekea kiganjani. Pale pale vikajitokeza vyumba vya pembe sita, vimebanana kama sega la nyuki, kila kimoja kina doa jeusi katikati na vijistari vinavyotawanyika kama miale. Nikapayuka kwa Kiswahili, mbele ya watu wasiojua hata neno lake moja: "Mbona hili tumbawe!"

Ilikuwa Januari 1981, jioni ya Jumanne, katika ukumbi wa chini ya kanisa mjini Lansing, jimbo la Michigan, Marekani. Nje theluji ilifika magotini. Nilikuwa na miezi mitano tangu niondoke Bagamoyo kwenda kusomea uchumi wa kilimo, na katika miezi hiyo nilikuwa nimeshaanza kusema peke yangu chumbani. Mama mwenye nyumba niliyopanga ndiye aliyenivuta. Alinipa buti zake za akiba, akaniambia kuna watu hukutana kila Jumanne kuchonga mawe na kuyang'arisha, hawauzi, wanapenda tu. Nilikwenda kwa sababu sikutaka kubaki peke yangu jioni nyingine.

Sharti nieleze kwa nini tumbawe lilinishtua vile. Baba yangu alikuwa mwashi. Nyumba kongwe za Bagamoyo, kama zile za Kilwa, Lamu na Unguja, zimejengwa kwa matumbawe. Kuta ni mawe ya mwamba wa nchi kavu yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa tanurini. Lakini palipohitaji nakshi, kama mihrabu au mzingo wa mlango, waashi wa kale walikata tumbawe bichi kutoka baharini, maana likiwa bichi hukubali tindo, na likikauka hushupaa. Baba alizifufua kuta hizo zilipobomoka. Mimi nilimchotea maji ya chokaa tangu nina miaka saba. Tindo ilikuwa ya kaka zangu. Sikumbuki kuambiwa nisiishike. Hapakuwa na haja ya kuambiwa.

Sasa niko ng'ambo, mbali na maji yoyote ya chumvi, nimeshika tumbawe lililookotwa ufukweni mwa ziwa linaloganda.

Mmoja wao, mwalimu mstaafu wa sayansi, alichukua kifuniko cha boksi la keki akanichorea. Zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita nchi ile ya Michigan ilikuwa karibu na ikweta, chini ya bahari ya kina kifupi yenye maji ya uvuguvugu. Kila chumba cha pembe sita kilikuwa makao ya kinyama kimoja, na lile doa jeusi ndipo ulipokuwa mdomo wake. Nchi ikasogea kaskazini, bahari ikaondoka, na baada ya muda usiohesabika ikapita barafu nene, ikang'oa vipande vya mwamba na kuvisaga hadi vikaviringana. Wenyewe huliita jiwe la Petoskey, kwa jina la mji ulio kando ya Ziwa Michigan, na mji nao umepata jina kwa chifu wa Waodawa, Petosegay. Mwaka 1965 jimbo lililifanya kuwa jiwe lake rasmi, na mjukuu wa chifu huyo alikuwapo gavana alipotia saini. Mwalimu alipomaliza, aliweka nukta pembeni kabisa mwa kifuniko. "Wewe umetoka hapa," akasema. "Kwenu bado yako hai." Alinipa mkono, kama mtu anayempongeza mwenzake kwa kupata mtoto.

Walikuwa watu kama ishirini. Wengi walistaafu kwenye viwanda vya magari, na baadhi hawakustaafu bali waliachishwa, kwani miaka ile ilikuwa ya dhiki Michigan na viwanda vilipunguza watu. Alikuwapo muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa basi la shule, na mvulana wa miaka 12 aliyejua majina ya madini kuwashinda watu wazima. Chuoni kila siku niliulizwa juu ya simba na njaa. Pale swali la kwanza lilikuwa kama nimeufunga mtandio wangu vizuri, kwa sababu gurudumu la kusagia likikamata kitambaa halisubiri mtu.

Katika jambo la maji hawakuwa na mzaha. Mzee mmoja mwenye viganja vipana kama makasia alizima mashine ya yeyote aliyeacha jiwe likauke. Vumbi la akiki, alisema, likiingia mapafuni halitoki. Nilimfikiria baba na kikohozi chake cha kila alfajiri. Wiki ile ile nilimwandikia barua, nikamsihi alilowanishe jiwe kabla ya kulikata na ajifunge kitambaa puani. Sikupata jibu juu ya hilo, ila mama alinijulisha baadaye kwamba kanga yake moja ya zamani imekatwa vipande na hajui vinakwenda wapi.

Mzee huyo ndiye ninayemkumbuka zaidi, Mungu amweke pema. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye sehemu ya kupaka rangi. Zamani rangi ilipopulizwa kwa mkono, iliyopotea ilirukia vyuma vilivyobeba magari, na kila gari lilipopita kwenye tanuri, ile rangi nayo iliiva. Tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa kipande kigumu cha kukatwa kwa msumeno. Wafanyakazi walivibandua wakaenda navyo nyumbani. Ukikikata na kukisugua, unapata duara ndani ya duara: nyekundu, maziwa, samawati, kijani cha majani ya mgomba. Mzee alizisoma rangi zile kama mtu anavyosoma daftari. Alijua ipi ilikuja kabla ya ipi. Jumanne moja aliingia kijana aliyeachishwa kazi siku tatu kabla, akaketi pembeni bila kuvua koti. Mzee alimwekea mbele kipande cha rangi na karatasi ya msasa, naye akachukua chake. Walisugua pamoja mpaka saa nne usiku. Habari ya kazi haikutajwa. Wiki iliyofuata kijana alirudi, safari hii akiwa na mkewe.

Mimi nilitaka tumbawe tu. Akiki ni ngumu. Hukatwa kwa msumeno wa almasi, hugandishwa kwa nta kwenye kijiti, hupitishwa gurudumu baada ya gurudumu. Jiwe la Petoskey ni laini, daraja la 3 katika kipimo cha ugumu ambacho akiki ni 7 na almasi 10, hivyo mikono yako na msasa wa maji vinatosha. Unaanza na msasa namba 220, unafuata 400, halafu 600, na mwisho unasugua kwa kitambaa cha mahameli kilicholowanishwa na unga wa kung'arishia. Nilifika 600 jioni ile ile ya kwanza. Jiwe lilikuwa laini kama sabuni na moyo wangu ulijaa. Mzee alilishika chini ya taa, akaligeuza kidogo, na mwanga ukafichua mikwaruzo kama makucha ya kuku. "Mkwaruzo wa 220 haufutwi na 600," akaniambia. "Rudi mwanzo." Machozi yalinilenga. Akanitazama, akatoa jiwe lake mwenyewe mfukoni, jiwe lililokwisha kung'aa, akalikwaruza kwa msasa wa 220 kisha akakaa karibu yangu. Tukaanza pamoja. Ilituchukua Jumanne nne.

Chakula kila mtu alileta chake, kikawekwa meza moja. Mara ya pili nilipokwenda nilikula mkate mtupu na hakuna aliyesema kitu. Mara ya tatu nilikuta vikadi vimesimamishwa mbele ya sahani, kwa mwandiko wa watu tofauti: hiki hakina nguruwe, hiki hakina nguruwe. Mwezi wa Machi nikawapikia pilau. Mdalasini nilipata, bizari nzima niliikosa, lakini sufuria ilirudi nyeupe.

Siku moja muuguzi alifungua droo na kunitolea kipande cha kijani chenye mabaka mekundu na madoa meusi. "Hili la kwenu," akasema. Lilikuwa limetoka Longido, kaskazini mwa Tanzania: ile nyekundu ni yakuti, ile kijani ni madini ya jamii moja na tanzanaiti. Longido sijawahi kufika mpaka leo. Nilizaliwa katika nchi ya jiwe lile na kulishika kwa mara ya kwanza nikiwa Lansing, kutoka mkononi mwa mwanamke aliyelihifadhi kwenye pamba. Nilimwambia ukweli kwamba silijui. Akalikata nusu, akanipa nusu yangu.

Mwishoni mwa Aprili, barafu ilipovunjika, tulikwenda ziwani, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari kuelekea kaskazini. Huo ndio wakati wake, kwa kuwa barafu inapoondoka husukuma mawe mapya ufukweni. Siku hizi sheria huruhusu ratili 25 kwa mtu kwa mwaka, nami naiona ni sheria ya haki. Tulitembea kwenye maji ya vifundoni, baridi ya kukata mfupa, macho chini. Aliyepata jiwe zuri aliwaita wengine walione. Nilimwona mama mwenye nyumba wangu akichomoa jiwe safi mfukoni mwake na kulidondosha polepole mbele ya mtoto wa watu aliyekuwa hajapata kitu tangu asubuhi. Mtoto akapiga kelele. Mama yule akakimbia kwenda kushangaa pamoja naye.

Nilirudi nyumbani Desemba 1982. Jumanne ya mwisho kila mmoja alinipa jiwe, na nililipia uzito wa ziada uwanja wa ndege, wala sijutii. Barua zilikwenda na kurudi kwa miaka mingi, zikapungua, na zile za mwisho ziliandikwa na watoto wao.

Baba nilimkuta barazani. Nilimpa tumbawe langu la kwanza, upande mmoja umeng'aa, upande wa pili nimeuacha kama lilivyotoka ziwani. Hakuutazama ule unaong'aa. Aliligeuza upande mbichi, akalilowanisha kwa mate kwa kidole gumba, akaliinua juani. Alikaa nalo kimya muda mrefu hata nikadhani halikumpendeza. Kisha akaligeuza tena, akapitisha ukucha taratibu juu ya ule ung'avu, akitafuta mkwaruzo.

"Ulianzia msasa wa ngapi?" akaniuliza.