Mtoto Kunyimwa Ziwa



Mwanangu wa tatu alikuwa na miezi 7 nilipojua kwamba nina mimba tena. Hapa Misisi, mji wa mashimo ya dhahabu, habari haifichiki. Mama mkwe akasema, “Maziwa yako sasa ni sumu.” Akaniamuru nimwachishe ziwa siku ile ile, nami nikatii. Mtoto akalia usiku kucha, akakonda, akavimba miguu. Alipona, namshukuru Mungu. Baadaye muuguzi aliniambia kwamba maziwa ya mama mwenye mimba hayana sumu yoyote.

Tena akanieleza jambo ambalo majirani hawakuniambia. Mama akinyonyesha tu, mchana na usiku, bila kumpa mtoto maji wala uji, ni vigumu kushika mimba katika miezi 6 ya kwanza, maadamu damu haijarudi. Mimi nilianza kumpa uji mwezi wa pili, kwa sababu majirani walicheka: “Maziwa matupu yatamshibisha?” Basi, ndio hao hao waliokuja kunicheka kwa mimba!

Papa Paulo VI aliandika mwaka 1968, katika Humanae Vitae, kwamba wenye ndoa wakiwa na sababu za haki wanaweza kuachanisha uzazi kwa kufuata siku zisizo na rutuba. Lakini siku hizo hushikwa na watu wawili. Mume wangu hakunisikia mimi; alimsikia katekista, mwanamume mwenzake.

Tangu Kwaresima ndiye anayetia alama kwenye kalenda mlangoni. Mama mkwe huitazama, hasemi neno.