Julai Mtoni Gura

Kama hujaingia mto Gura alfajiri ya Julai, usiniambie unajua baridi. Maji yanashuka kutoka milima ya Nyandarua, na trauti huyapenda hivyo hivyo. Yakipata joto, hukosa pumzi. Wazazi wa samaki hawa waliletwa kutoka Uskochi mwaka 1905, wawe mchezo wa walowezi.

Baba alikuwa amenuna tangu nikatae kazi ya duka ili niandike riwaya. Kila usiku alinizimia taa. Siku ile alinitupia gambuti tu: “Twende.”

Tulivua kimya mpaka vidole vikafa ganzi. Ghafla mshipi ukakaza! Nikavuta kwa pupa, pap, ukakatika. Nikangoja matusi. Mzee akatoa ndoana nyingine, ile ya manyoya iliyofanana na mdudu, akanifungia mwenyewe, mikono ikimtetemeka.

“Hiyo riwaya,” akauliza bila kunitazama, “imefika ukurasa wa ngapi?”

“Wa arobaini, Baba.”

Akaguna.

Tulirudi mikono mitupu. Usiku niliandika mpaka jogoo la kwanza. Hakuna aliyekuja kuzima taa.